Wino unaokaushwa kwa mawimbi ya redio, na sababu gani karatasi zetu zinachafuka

Karibu kila karatasi ya maana hapa kwetu inapita kwa sekretaria publiki. Iwe Baraka mjini, iwe Mboko ama Fizi-centre, ni nyumba ndogo yenye komputa, imprimanti moja, na umeme wa gurupu ama wa pano za jua. Pale ndipo kunatoka barua ya kuuza shamba, ombi la kazi, atestasio ya kupoteza kitambulisho, fomu za watoto wa shule. Wakati wa mvua malalamiko ni yale yale: wino unabaki kwenye kidole. Jina linageuka doa, na ukifika kwa buro wanakuambia ukaandike upya. Mtu aliyepanda moto toka Mboko analipa mara mbili, karatasi na safari.

Kwenye uchapaji wa viwandani shida hiyo imetafutiwa dawa moja ambayo inatugusa sisi watu wa redio: kukausha wino kwa nguvu ya mawimbi ya redio. Tueleze inavyofanya kazi, kisha turudi kwa imprimanti zetu.

Imprimanti ya wino inarusha matone madogo sana kwenye karatasi, madogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuona tone moja. Ndani ya wino wa kawaida sehemu kubwa ni maji, mara nyingi zaidi ya nusu. Kinachobaki ni rangi, na vitu vya mafuta-mafuta kama gliserini vinavyozuia wino usikauke ndani ya katrushi na kuziba matundu. Hapo ndipo kuna ubishi: wino unatakiwa usikauke ndani ya mashine, lakini ukauke mara moja ukigusa karatasi. Maji yanaondoka kwa njia mbili tu, yanaingia ndani ya karatasi ama yanapanda hewani. Hewa ya pembeni ya Tanganyika wakati wa mvua tayari imejaa unyevu, kwa hiyo njia ya pili inakwenda pole pole. Na karatasi iliyolala wiki mbili kwenye meza wazi imeshakunywa maji ya hewa, haina kiu tena.

Kwa kiwanda, kungoja haiwezekani. Tufanye hesabu kidogo. Karatasi yenye upana wa nusu mita inakimbia mita 100 kwa dakika, na kila mita ya mraba inabeba gramu 10 za maji. Ni gramu 500 kwa dakika, yaani nusu lita. Kuyapasha maji hayo na kuyageuza mvuke kunadai kilowati karibu 20 bila kusimama, na hapo hatujahesabu nguvu zinazopotea njiani. Gurupu ndogo ya sekretaria inatoa kilowati moja ama mbili.

Njia iliyozoeleka ni hewa ya moto, ama taa za joto. Ubaya wake ni kwamba joto linapiga kila kitu, penye wino na pasipo wino. Karatasi nyeupe inakauka kupita kiasi, inajikunja, na pengine inageuka rangi.

Mawimbi ya redio yanafanya tofauti. Chembe ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na upande mwingine hasi, kama sumaku ndogo yenye ncha mbili. Ukiiweka kati ya vyuma viwili vyenye umeme unaobadilisha upande haraka, nayo inataka kugeuka kila mara. Kwenye mawimbi ya megahezi 27.12, umeme unazunguka mara 27,120,000 kwa sekunde moja. Chembe zinasukumana, chumvi zilizomo ndani ya wino nazo zinakimbia huku na huku, na joto linazaliwa ndani ya wino wenyewe. Karatasi kavu inashika nguvu hizo kidogo sana. Palipo na maji mengi panapata joto jingi, na maji yakiisha joto linapungua lenyewe. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake mkubwa: mashine haihitaji kuambiwa wapi kuna herufi na wapi hakuna.

Kwa sababu tabaka la wino ni jembamba kuliko unywele, kuweka chuma kimoja juu na kingine chini hakusaidii sana. Watengenezaji wanapanga fimbo za chuma sambamba, moja chanya na jirani yake hasi, na karatasi inapita karibu nazo. Umeme unaruka toka fimbo hadi fimbo kwa kupinda, na ule mpindo ndio unapita ndani ya wino.

Kupasha vitu kwa redio si jambo la jana. Viwanda vimetumia njia hiyo miaka mingi kukausha gundi ya mbao, nyuzi za nguo na biskuti. Ndugu yake, foro ya mikrowevu, ilitokana na kazi ya Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon huko Marekani mwaka 1945, naye alikuwa mtu wa rada. Kwa wino, bado hewa ya moto na taa ndizo zinatawala, kwa sababu emeteri yenye nguvu namna hiyo ni bei kali.

Ndiyo, ni emeteri, kama ile inayotuma sauti yetu. FM inakaa kati ya megahezi 87.5 na 108. Mashine za kupasha zimewekewa nafasi zake kimataifa, kama 13.56, 27.12 na 40.68, ili zisisumbue wengine. Lakini emeteri yoyote inatoa pia mwangwi kwenye hesabu zinazozidishwa: 13.56 mara saba ni 94.92, katikati kabisa ya FM. Ndiyo maana mashine inafungwa ndani ya sanduku la chuma. Sanduku likiachwa wazi, majirani wanasikia mngurumo badala ya habari. Na fundi aliyegusa anteni ikiwa hewani anajua mawimbi hayo yanaunguza nyama kwa ndani.

Kwa hiyo mtu asijaribu kukausha barua yake kwenye foro ya mikrowevu. Pini ya stepla inaweza kutoa cheche, na karatasi ikashika moto. Wala makala si dawa: joto la upande mmoja linakunja karatasi, na moshi unaongeza doa.

Hapa tutofautishe magonjwa mawili. Kuchafuka ni wino ambao haujakauka, ama ulioloweshwa tena na maji. Kufutika ni maandishi yaliyokuwa makavu kisha yakapotea kwa jua, jasho na kusuguliwa mfukoni. Kadi nyingi za mpiga kura za mwaka 2023 zilifutika hivyo katika nchi nzima, mpaka CENI ikatoa duplikata kabla ya kura ya tarehe 20 Desemba. Katika nchi ambayo kwa wengi kadi hiyo ndiyo kitambulisho peke yake, picha ikipotea, mwenyewe kwenye barieri anakuwa kama mgeni. Kukausha haraka kusingetibu ugonjwa huo wa pili.

Kwa karatasi ya kutunzwa miaka, mfano ya shamba, ulizeni sekretaria yenye imprimanti ya lazeri. Hiyo haina maji kabisa. Inatumia unga unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi. Ikiwa iko ya wino tu, ulizeni kama ni wino wa pigmenti. Rangi yake ni chembe zisizoyeyuka, hivyo tone la mvua haliifuti kwa urahisi kama wino mwingine. Wino wa chupa unaojazwa kwenye katrushi isiyo yake ndio unaleta kesi nyingi.

Wenye sekretaria nao wafunge rami ya karatasi ndani ya plastiki kila jioni. Karatasi zilizochapwa zisipangwe moja juu ya nyingine mara moja. Picha ichapwe upande unaong'aa, kwa sababu mgongo wa karatasi ya picha haunywi wino. Na kabla ya kuplastifie, ngojeni saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake: maji yakifungiwa ndani ya plastiki yenye joto, hayana tena pa kutokea, na herufi zinaanza kutembea.