Pikipiki ya Kwanza ya Mwendeshaji wa Afrika Mashariki

Mwendeshaji mpya wa Afrika Mashariki hakuwahi kuchagua pikipiki yake ya kwanza peke yake. Tangu miaka ya 1960 uamuzi umefanywa kwa sehemu kubwa na barabara ya vumbi, uzito wa mzigo, bei ya petroli na, zaidi ya yote, fundi wa jirani na spea alizo nazo. Chombo kilichopatikana ndicho kilichoamua mwanafunzi aanze na lipi: kukaa sawa, kuachia klachi, au kubeba abiria kabla hajajua kufunga breki kwenye kokoto.

Mwezi Agosti 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa Super Cub ya cc 50. Mwanzilishi wake, Soichiro Honda, alitaka hata mpeleka chakula wa mgahawani aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukishika sinia. Ndiyo maana usukani haukuwa na mkono wa klachi. Klachi ilijishika yenyewe injini ilipochanganya, na dereva alibadilisha gia kwa kukanyaga tu. Katikati palikuwa wazi, hivyo aliyevaa kanzu au gauni alipanda bila kuinua mguu juu ya kiti, na ngao ya plastiki ilikinga matope. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini kimewahi kuifikia. Katika Afrika Mashariki ilijulikana zaidi kama Honda 50, ikafuatwa na Yamaha Mate yenye umbo lilelile. Kwa mwanafunzi hapajawa na pikipiki ya petroli yenye huruma kuliko hizi: hazikumzimikia akianza kuondoka, hazikuruka mbele kwa kosa la vidole, na moja ikianguka aliweza kuiinua mwenyewe.

Zanzibar ilikwenda njia yake. Huko Vespa, skuta iliyoanza kuundwa na Piaggio huko Pontedera, Italia, mwaka 1946, ilishika mizizi na haijang'oka. Mbunifu wake, Corradino D'Ascanio, alifunika injini na kuacha nafasi ya miguu mbele ili nguo isishike grisi, jambo lililofaa sana mahali pa kanzu na baibui. Kwa vijana wengi wa Unguja, wanawake kwa wanaume, kujifunza kuendesha kulimaanisha kujifunza Vespa.

Bara, vijijini hasa, pikipiki ya kwanza mara nyingi haikununuliwa. Ilipewa pamoja na kazi. Bwana shamba, mganga wa zahanati, mwinjilisti na mfanyakazi wa mradi walikabidhiwa Honda XL, Yamaha DT au Yamaha AG100, ambayo ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand, ikiwa na keria imara na cheni iliyofunikwa. AG100 na DT za wakati huo zilitaka oili ya kuchanganyika na petroli, na oili ikikosekana pistoni iling'ang'ania. Zilikuwa ndefu pia: mtu mfupi aligusa ardhi kwa ncha za vidole. Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa mpira jioni, na ofisi ilipozichoka zilipelekwa mnadani, ambako wanakijiji wengi walijipatia pikipiki ya kwanza iliyokwisha pita mikononi mwa wengi.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1976, Honda ilipotoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wametazama jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zinazoendelea, wakaona kwamba oili hubadilishwa kwa kuchelewa, chujio la hewa husahauliwa, na abiria na mizigo huzidi kipimo. Injini nyingi za Honda za wakati huo zilikuwa na kemshafti, mhimili unaofungua vali, juu kwenye kichwa cha injini, ikizungushwa na cheni. Oili ikipungua au ikichafuka, sehemu hiyo ya juu ndiyo huumia kwanza, na kuitengeneza kunahitaji fundi makini. Kwenye CG125 kemshafti ilishushwa chini, karibu na oili, ikaendeshwa kwa gia, na vali zikasukumwa kwa fimbo mbili. Muundo huo ulikuwa wa zamani hata kwa wakati wake. Kuuchagua kulihitaji unyenyekevu ambao si kawaida kwa wahandisi, kwa sababu walikubali kupoteza mbio kidogo ili fundi mwenye spana chache chini ya mwembe aweze kuifungua na kuirudisha barabarani.

Injini hiyo ndiyo iliyonakiliwa mno nchini China. Viwanda vya Chongqing, baadhi vikiwa na asili ya utengenezaji wa silaha, viliitoa kwa majina mengi, na mwaka 1993 China iliipita Japani kwa wingi wa pikipiki zinazotengenezwa. Miaka ya 2000 mawimbi yake yalifika Dar es Salaam na Mombasa: SanLG, Toyo, Fekon na nyingine nyingi. Majina yalitofautiana, lakini chini ya tenki mara nyingi palikuwa na mtoto wa CG125, hivyo spea ya moja iliweza kuingia kwenye nyingine. Kijana ambaye hangemudu kamwe Honda mpya sasa aliweza kuwaza kumiliki pikipiki.

Kazi ya kuifanya pikipiki ilipie gharama zake ilikuwa tayari. Bodaboda za baiskeli zilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 Kampala ilikuwa na bodaboda za injini. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizofika cc 250 mwishoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Tangu hapo wengi waliojifunza walijifunza ili wafanye kazi. Mwanafunzi alianza kama deiwaka, akishika pikipiki ya mwenzake kwa saa chache, kisha akapata ya tajiri, akimpelekea hesabu, yaani malipo yaliyokubaliwa, kila siku, au akaingia mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi iwe yake. Aliyechagua pikipiki hapo alikuwa mwenye fedha, na kipimo chake kilikuwa hesabu.

Katika soko hilo, Wahindi ndio waliowapunguza nguvu Wachina. Bajaj Boxer kutoka Pune, yenye asili katika ushirikiano na Kawasaki, na TVS kutoka Hosur zilikuwa ghali zaidi dukani, lakini zilikula petroli kidogo, zikadumu, na bei yake ya kuuzia tena haikuporomoka. Zilirudisha kemshafti juu ya injini, na mafundi wakajifunza. Mjadala wa vijiweni ukahamia kwenye ukubwa. Cc 100 inatosha kwenye mji tambarare kwa abiria mmoja. Kwenye milima ya Lushoto au Mbeya, au kwa anayekusudia mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, watu hukimbilia 125 au 150. Hapo maslahi ya biashara yanapingana waziwazi na ya mwanafunzi. Kiti kirefu kilichowekwa kwa ajili ya abiria wawili na gunia humpa mtu asiyejua kona uzito mara mbili wa mwili wake nyuma ya mgongo. Sheria ya Tanzania inatenganisha leseni ya pikipiki ndogo na ile ya zinazozidi cc 125, lakini wengi huingia barabarani kabla hawajapata yoyote kati ya hizo. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea matokeo yake kwa miaka mingi, na waliomo ni vijana waliotakiwa kufunzwa kwanza.

Sura ya karibuni ni ya umeme. Ampersand ilianza biashara Kigali mwaka 2019 kwa mtindo wa kubadilisha betri: dereva anaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa teksi jijini Kigali lazima ziwe za umeme. Chombo hiki hakina klachi wala gia, kwa hiyo anayeanza hushughulika na breki, mizani na macho ya barabarani pekee. Hata hivyo nguvu ya mota hufika mara moja, na asiyezoea hushtuka akipindua mkono kwa pupa. Nje ya miji mikubwa vituo vya kubadilishia betri bado ni haba, na huko Boxer, TVS na za Kichina zinaendelea kununuliwa kwa vipimo vilevile vya petroli, spea na mkataba.