Fyuzi Hulinda Nini?

Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kushika tochi na kupokeza spana katika gereji moja ya Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya upungufu. Sabuni ilipangiwa foleni, na vipuri vya magari vilitafutwa kama dawa. Siku moja lililetwa lori ambalo fyuzi yake ya taa iliungua kila ilipowekwa mpya. Fyuzi zilipotuishia nikachuna uzi wa shaba kutoka kwenye waya mkuukuu, nikauzungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Mwenye lori akanipa bakshishi, nami nikajiona fundi kamili.

Siku ya tatu habari zikatufikia kwamba lori limeteketea njiani, moto umeanzia nyuma ya dashibodi. Dereva aliruka akapona. Fundi mkuu hakunipiga wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Fyuzi inalinda nini?" Nikamjibu kuwa inalinda taa. Akatikisa kichwa. "Inalinda waya, mwanangu. Taa ikiungua utanunua nyingine. Waya ukiungua, unaondoka na gari zima."

Swali hilo nilidhani nimeliacha gereji. Kumbe lilinisubiri ng'ambo. Mwaka 2019 nilikwenda Kanada kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nyumbani kwake gari lilikuwa limeegeshwa nje kwenye baridi, na ndani ya banda la gari mlikuwa na ndege. Si ya kuchezea, msomaji. Ni ndege ya watu wawili, ya bati la alumini, ambayo alikuwa akiiunda kwa mikono yake, jioni baada ya kazi, kwa mwaka wa sita. Sheria za kule zinamruhusu raia kufanya hivyo, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe na wakaguzi waikague. Alikuwa amefikia paneli ya vyombo, mbele ya kiti cha rubani, na nyuma yake nyaya zilining'inia kama mizizi ya mkoko. "Mjomba," akaniambia, "wewe ni fundi umeme. Nisaidie hapa."

Kabla ya kushika koleo niliomba vitabu vyake nivisome. Nilichokikuta humo ni historia ya lile swali la fundi wangu.

Fyuzi ni kongwe kuliko ndege. Mwaka 1880 Thomas Edison alipewa hataza nchini Marekani kwa kipande cha waya laini kilichokusudiwa kuyeyuka mapema, kabla nyaya za taa hazijapata moto na kuunguza nyumba. Tangu siku hiyo kazi yake haijabadilika: kuwa sehemu dhaifu kwa makusudi, ili ivunjike mahali ambapo kuvunjika hakuleti hasara.

Waundaji wa kwanza wa ndege za nyumbani hawakuwa na haja nayo sana. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol wa Minnesota alirusha ndege ya mbao na kitambaa iliyosukumwa na injini ya gari la Ford. Hapakuwa na redio wala taa. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake wakaanzisha huko Milwaukee chama cha waundaji kiitwacho EAA, na ndege hizi zikaenea. Nyingi zilitumia injini zenye magneto, yaani kifaa kinachozalisha chenyewe umeme wa kuwasha cheche. Betri ikifa, injini haina habari. Rubani alipoteza redio, akatua kwa macho yake, akaenda kunywa chai.

Polepole mambo yakageuka. Redio ikaongezwa, kisha transponda ya kuitambulisha ndege kwenye rada, kisha taa za usiku. Baadaye saa za mishale zikaanza kuondolewa na skrini zikachukua nafasi yake. Wengine wakaondoa hata magneto, wakaweka mfumo wa kielektroniki wa kuwasha injini. Kwa ndege ya namna hiyo umeme si starehe tena. Ukikatika wote, injini nayo inanyamaza.

Ndipo mjadala ukazuka kati ya waundaji. Ndege za viwandani zilizoea sakiti breka, kifaa kinachojikata chenyewe na ambacho rubani anaweza kukirudisha kwa kukibonyeza. Wengine wakauliza: kwa nini tusitumie fyuzi bapa za magari, ambazo ni nyepesi na bei yake ni ndogo? Wapenzi wa breka wakajibu kwamba fyuzi ikiungua angani huwezi kuibadilisha. Wale wa fyuzi wakasema hilo ndilo jema lake: hakuna atakayeshawishika kuurudisha moto.

Ukweli wa hoja hiyo ya mwisho umeandikwa kwa msiba. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair namba 111, ikitoka New York kwenda Geneva, ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove, Nova Scotia. Watu 229 walikufa. Wachunguzi wa Kanada walitoa ripoti yao mwaka 2003. Yaelekea moto ulianzia juu ya dari, karibu na chumba cha marubani, kwa cheche za waya uliochubuka. Breka hazikuwahi kukata. Breka ya kawaida hungoja joto la umeme uliozidi kwa muda, lakini cheche huja na kupotea kwa kufumba na kufumbua. Joto la breka halipandi, huku ganda la kihami lililo jirani limeshashika moto.

Msiba wa pili ulikuwa wa ndege ndogo. Tarehe 9 Julai 2007 rubani wa Cessna 310 huko Florida alisikia harufu ya kuungua. Akavuta breka ya rada ya hali ya hewa, harufu ikaisha, akaandika hitilafu hiyo kwenye kumbukumbu za ndege. Kesho yake ndege iliruka tena bila kutengenezwa. Dakika chache baadaye marubani wakaripoti moshi. Ilianguka juu ya nyumba mjini Sanford, wakafa marubani wote wawili na watu watatu waliokuwa chini. Wachunguzi waliona kwamba huenda breka ile ilikuwa imerudishwa. Kosa likaandikwa, likasomeka, lisitibiwe.

Tulianza kazi na mpwa wangu. Waya namba 22, ambao ni mwembamba, tuliupa kinga ya ampea 5. Namba 18, ulio mnene zaidi, ampea 10. Kila chombo tulikipa fyuzi yake, ili redio ikifa isiiburute transponda. Fyuzi zote tuliziweka karibu na chanzo cha umeme, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya chanzo na fyuzi hakina mlinzi. Nyaya za magari tulizikataa, maana plastiki yake ikiungua hutoa moshi wa sumu, na angani hakuna pa kuteremka.

Wiki ya pili tukawasha. Fyuzi ya redio ikaungua. Tukaweka nyingine, ikaungua. Mpwa wangu, ambaye ana shahada na mimi sina, akachukua ya ampea 10.

"Mjomba, labda redio hii inakula umeme mwingi. Tuipe kubwa."

Sikumjibu mara moja. Nililiona lile lori.

"Baba," nikamwambia, "fyuzi hii inalinda nini?"

"Redio."

Nikamsimulia habari ya mwaka 1983, jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mama yake. Akairudisha ile fyuzi kwenye kasha. Tukafuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka mahali ulipopenya kwenye tundu la alumini. Tulikuwa tumesahau kuweka ringi ya mpira. Ukingo wa bati ulikuwa umeshaula waya, na shaba ilimeta.

Tulibadilisha waya, tukaweka ringi, tukarudisha fyuzi ya ampea 5. Redio ikazungumza.

Ndege ile iliruka mwaka 2021. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Dar es Salaam. Aliniletea picha, nami nikaitazama paneli kwanza, kabla ya kuutazama uso wake.