Buji na Plagi: Historia ya Kuwasha Injini Baridi ya Dizeli mjini Bunia

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo dogo linalofanyika kila alfajiri katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, kama linavyofanyika katika kila mji wenye magari ya dizeli: kuiwasha injini iliyolala usiku kucha. Wanahistoria wa Kiswahili wamezoea kuifuatilia lugha hii katika misafara, misheni, shule na majeshi. Hapana ubishi kwamba huko ndiko kulikotokea sehemu kubwa ya historia yake. Hata hivyo, gereji nayo imekuwa shule ya Kiswahili kwa muda mrefu, na msamiati wake haujachunguzwa kwa kiasi kinachostahili. Hoja yetu ni kwamba Bunia ni mahali zilipokutana njia mbili za gari, na pamoja nazo aina mbili za Kiswahili cha ufundi. Na kwamba jina la kifaa lisilotaja kazi yake huweza kumgharimu mtu kifaa chenyewe.

2. Baridi ya injini si baridi ya mtu

Huenda msomaji akauliza: Ituri ipo karibu na ikweta, baridi inatoka wapi? Jibu limo katika asili ya injini yenyewe. Rudolf Diesel, aliyeomba hataza yake Ujerumani mwaka 1892 na kupata injini yenye kufanya kazi vizuri mwaka 1897, aliachana na cheche. Katika injini yake hewa hushindiliwa ndani ya silinda hadi ikawa ya moto, kisha mafuta hupulizwa humo na kujiwakia. Kwa hiyo injini ya dizeli huhitaji joto kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote.

Mwaka 1909 Prosper L'Orange, mhandisi wa kampuni ya Benz, alibuni chumba kidogo cha awali ambamo mafuta huanza kuungua kabla ya kuingia katika silinda. Chumba hicho kiliifanya injini iwe tulivu na ifae kwa magari madogo, lakini kilileta ila moja: kuta zake nyingi hulinyonya joto la hewa iliyoshindiliwa. Injini ikiwa imepoa, mafuta hayashiki moto. Ndipo kilipohitajika kijiti cha chuma chenye waya unaopashwa kwa umeme wa betri hadi ukawa mwekundu, ncha yake ikiwa imechomoza ndani ya chumba hicho.

Bunia ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Djugu na Mahagi huenda juu zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Kila pistoni hushindilia hewa pungufu na kupata joto pungufu. Alfajiri ya nyuzi 15 au 16, ambayo mtu huimaliza kwa koti na chai, kwa injini yenye chumba cha awali ni baridi kamili. Malori mengi makubwa, ambayo mafuta yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, huweza kuwaka katika hali hiyo bila msaada. Magari madogo ya dizeli ya mtindo wa zamani hayawezi kwa urahisi.

3. Njia mbili za gari

Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na tangu hapo machimbo yalihitaji chakula, mashine na watu. Mwanzoni mizigo ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, wengi wao wakiwa wamelazimishwa. Barabara za magari zilizofuata nazo zilichimbwa kwa mikono ya wenyeji. Kampuni ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926, eneo hilo lilikuwa likivutwa pande mbili.

Upande wa magharibi kulikuwa na njia ya Wabelgiji: kutoka mto Kongo na Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kupitia msitu wa Ituri. Njia hii ilikuja na Kifaransa. Upande wa mashariki kulikuwa na njia ya bahari ya Hindi: kutoka Mombasa kwa reli, kuvuka Uganda hadi bandari ya Butiaba, kisha kwa meli katika ziwa Albert hadi Kasenyi na Mahagi. Meli Robert Coryndon ilihudumu katika ziwa hilo tangu mwaka 1930. Njia hii ilikuja na Kiingereza. Butiaba ilizama maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini biashara ya mashariki haikufa, ilihamia barabarani. Hadi leo mafuta na vipuri vingi vinavyouzwa Bunia hupitia Uganda.

Katika njia zote mbili, lugha iliyomfikia fundi na msaidizi wake ilikuwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho kilikuwa kimekwisha kuazima maneno kwa mabwana wawili tofauti.

4. Maneno yaliyobebwa na magari

Mwendesha gari wa Bunia huitwa shofere. Wa Arusha huitwa dereva. Mafuta ya dizeli Bunia ni mazuti, neno ambalo Kifaransa kililitoa Kirusi. Mafuta ya injini ya cheche ni esansi. Na hapa pana mtego: petroli katika Kongo ni mafuta ya taa, ilhali Kampala, Nairobi na Dar es Salaam petroli ni ile ile esansi. Kosa hilo si la sarufi tu. Taa ya utambi ikitiwa petroli ya Kampala huweza kuunguza nyumba pamoja na waliomo.

Kijiti cha joto nacho kimeingia katika mtego wa namna hiyo. Kwa Kifaransa huitwa kwa jina la mshumaa, na Kiswahili cha Kongo kikapata buji, ambalo ni mshumaa wa nyumbani, ni kifaa cha cheche katika gari la esansi, na ni kijiti cha joto katika gari la mazuti. Inafaa kukumbuka kwamba neno hilo la Kifaransa limetokana na jina la mji wa Bougie, yaani Béjaïa ya Algeria, uliokuwa ukiuza nta Ulaya. Hivyo neno lilitoka Afrika, likazunguka Ulaya, likarudi Afrika likiwa limevaa chuma. Upande wa mashariki plagi hubeba mzigo huo huo: ni ya cheche, ni ya joto, na hata ni ya umeme wa ukutani.

Tofauti iliyofichwa na majina haya ni kubwa. Cheche hufanya kazi yake wakati ule ule injini inapozunguka. Joto hufanya kazi yake kabla. Aliyejifunzia gari la esansi, akisikia buji au plagi, hana sababu ya kusubiri. Hugeuza ufunguo moja kwa moja, starta hulia, moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua hutoka, na betri huisha.

5. Utaratibu na mabadiliko yake

Utaratibu sahihi ni mfupi. Ufunguo hugeuzwa hadi hatua ya joto, na taa yenye alama ya waya uliojisokota huwaka. Mwendeshaji husubiri mpaka izimike, ndipo apige starta. Starta isizungushwe kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Injini ikikataa, starta ipumzishwe na joto lirudiwe. Ikishawaka, iachwe ingurume polepole kwa muda mfupi, kwa kuwa oili bado haijafika kila mahali. Dawa ya kupuliza yenye etha isitumiwe katika injini yenye kijiti cha moto, kwani huweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Kulisukuma gari huzungusha injini, lakini hakuvipashi moto vyumba vyake.

Hata hivyo, utaratibu huu una historia, na asiyeijua huweza kupotoshwa na mwalimu mwema. Land Rover ya dizeli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, ilikuwa na plagi nne zilizounganishwa kwa mfuatano: moja ikikatika, zote hufa. Magari ya baadaye, kama Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990, plagi zake zimeunganishwa sambamba: moja ikifa, nyingine huendelea, na injini huwaka kwa kutetemeka, ila ikijificha kwa miezi. Tena plagi za volti tofauti huweza kufanana kwa umbo. Iliyotengenezwa kwa volti chache ikipewa 12 huungua mara moja. Na kusubiri kulikochukua nusu dakika au zaidi katika magari ya kale ni sekunde chache katika mapya. Mwanafunzi anayerithi kanuni bila kurithi sababu yake huishia kuunguza vipuri vya mteja.

6. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1981. Kazi hizo ni za kuheshimiwa, lakini zilifanywa mbali na gereji za Ituri. Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na shofere na dereva hukutana mpakani wakiwa na gari moja na majina mawili.

Hatupendekezi kwamba buji limezwe na plagi, wala plagi na buji. Kila neno lina haki ya njia lililopitia. Tunapendekeza tu kwamba waandishi wa kamusi na walimu wa ufundi waongeze neno la kazi: buji ya joto na buji ya cheche, plagi ya joto na plagi ya cheche. Kijana wa Rwambuzi akisikia joto, atajua kwamba anapaswa kusubiri.