Si kila 'white' ni nyeupe: Somo la tafsiri kutoka Kitengela na Kajiado

Majuzi nilimsindikiza shemeji yangu Kitengela, alikokuwa akitafuta ploti. Broka, kijana mchangamfu, alitutoa kwenye barabara ya Namanga akatupeleka hadi kwenye uwanda usio na ua wala mti wa maana. "Prof, shamba ndilo hili," akasema. "Liko peupe kabisa. Halina mtu." Nilitazama chini. Samadi ya ng'ombe ilikuwa bado mbichi.

Kauli hiyo ilinirejesha kwenye swali nililoulizwa na mwalimu mmoja wa Kajiado. Mwanafunzi akikutana na "White Highlands" katika somo la historia, aitafsirije? Wanafunzi wake walikuwa wameandika "nyanda nyeupe za juu". Mwalimu alihisi kwamba ni kosa, ila hakuweza kueleza kosa lenyewe liko wapi.

Kosa haliko kwenye sarufi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunaziazima kutoka kwa vitu, kama vile zambarau, kahawia na samawati. Hivyo vitatu vya kale vimebeba mzigo mkubwa wa maana. Moyo mweupe ni moyo usio na kinyongo. Kukipambazuka twasema kumekuwa kweupe. Anayesema peupe hafichi kitu, na mahali peupe ni mahali pa wazi, pasipo na cha kuzuia macho.

Sasa hebu mwambie konda wa matatu akuitie "yule dada mweupe". Atamtafuta Mwafrika mwenye ngozi ang'avu. Hatamwita mtalii kutoka London, kwani huyo ni Mzungu. Wapo wanaolihusisha neno Mzungu na kuzunguka. Wengine hulikumbuka neno mizungu, yaani mambo ya ajabu au ya werevu. Vyovyote iwavyo, hakuna rangi humo. Wamaasai nao wana neno la weupe. Kilimanjaro wanauita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe, na ule wa Namanga ni Oldoinyo Orok, mlima mweusi. Lakini Mzungu wanamwita olashumpai, na hilo -ibor la weupe halimo.

Kiingereza cha wakoloni kilichukua njia nyingine. Kilitwaa jina la rangi kikalifanya jina la haki. Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa himaya hii kuanzia 1900 hadi 1904, aliamini kwamba nyanda za juu zingefaa kuwa nchi ya watu alioita "white". Kwa maoni yake, wafugaji wanaohamahama hawakuwa na haki ya kuzuia ardhi ambayo, machoni pake, hawakuitumia ipasavyo. Alifika mahali peupe akapaona patupu. Ng'ombe walikuwa wamefuata mvua tu.

Agosti 1904, Olonana na viongozi wenzake walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha na Nakuru. Waligawanywa katika maeneo mawili: Laikipia upande wa kaskazini, na nyanda za kusini zinazojumuisha sehemu kubwa ya Kajiado ya leo. Waliahidiwa kuwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo. Haukufika hata miaka kumi. Mkataba wa 1911 uliwang'oa Laikipia nayo ikawapokea walowezi. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa dola na dola, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuuamua. Wamaasai waliambiwa wao ni kama taifa la kigeni, siku ileile walipopoteza ardhi kwa kukosa nguvu za taifa.

Angalia pia jinsi neno "white" lilivyojificha. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa Devonshire, ule unaoitwa "White Paper". Hapo weupe ni wa karatasi tu: nyaraka fupi za serikali hazikuvishwa jalada la buluu kama ripoti nene. Waraka huo ulitangaza kuwa maslahi ya Waafrika yatatangulia. Papo hapo ukaacha nyanda za juu zibaki mikononi mwa Wazungu. Na amri ya 1939 iliyohusu mipaka ya nyanda hizo, katika jina lake rasmi, ilizitaja kuwa nyanda za juu basi. Rangi ilikuwa midomoni mwa watu, kwenye magazeti na katika vitabu. Ubaguzi huo wa umiliki haukuondolewa hadi 1960.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hili. "White Highlands" ni nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. "White Paper" ni waraka wa sera wa serikali. Mwanafunzi anayeandika "nyanda nyeupe" anawapa wasomaji picha ya theluji au ukungu, na bila kujua anafuta jina la aliyenufaika. Mfasiri asiulize neno lina rangi gani. Aulize lilifanya kazi gani, na kwa faida ya nani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu halijapita. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake. Kisha zikaja ua, mawe ya mipaka na mabroka. Kuanzia mwaka 2000 kukawa na mpango wa kuzilipa familia za huko ili zisiweke ua, wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia. Yaani watu walilipwa ili ardhi yao ibaki peupe. Peupe hapo palikuwa na mwenyewe, palikuwa na kazi, na palikuwa na bei.

Broka wetu alitumia Kiswahili sanifu kabisa aliposema shamba liko peupe. Kosa lilikuwa katika sentensi iliyofuata, pale alipodhani kuwa peupe maana yake ni kutokuwa na mtu. Ni kosa lilelile la Eliot. Nilimshauri shemeji asilipe hata shilingi kabla ya kuikagua hatimiliki katika ofisi ya ardhi na kuzungumza na majirani. Tulipokuwa tukirudi garini tulimpita mzee akiwaswaga ng'ombe wake kuelekea kulekule tulikotoka.