Simu Ilivyoipeleka Tramu Mahakamani

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Twende Marekani miaka ya 1880, enzi hizo simu ndiyo habari ya mjini.

Simu nyingi za wakati ule zilikuwa na waya mmoja tu. Umeme wake ulikwenda kwa waya, ukarudi kwa ardhini. Bure kabisa! Kampuni zikaokoa hela za nyaya, wateja wakapiga stori zao.

Ikaja tramu ya umeme. Mji wa Richmond, Virginia, ulianza na yake mwaka 1888, miji mingine ikaiga fasta. Kasheshe ni kwamba tramu nayo ilirudisha umeme kwenye reli, na reli zimelala chini. Ardhi ileile ikawa na wapangaji wawili, mmoja ananong'ona, mwingine anapiga ngoma. Ukishika simu, unasikia mngurumo badala ya shangazi yako.

Kelele yenyewe ilitoka ndani ya mashine. Kuna meno ya chuma mle, na kila jino likipita mbele ya sumaku, umeme unatikisika kidogo. Umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde ulipoenea baadaye, kero ikabaki: ile 60 yenyewe simu haiisikii sana, ila vijiwimbi vyake, wataalamu wanaviita hamoniki, ndivyo balaa. Kile cha 17 ni mizunguko 1,020, palepale sikio letu lilipo kali.

Huko Cincinnati, Ohio, kampuni ya simu ikaona isiwe tabu, ikashitaki kampuni ya tramu. Mwanzoni ikashinda. Lakini mwaka 1891 Mahakama ya Juu ya Ohio ikapindua: barabara kazi yake ya kwanza ni kupitisha watu, na ardhi haina mwenyewe wa kupitishia umeme peke yake. Yaani aliyetangulia kufika ndiye aliyeambiwa ajipange! Mimi naona walionewa kidogo, ingawa kutumia cha bure miaka yote nako kuna siku yake.

Ikabidi kampuni za simu ziweke waya wa pili kila laini, gharama juu. Nyaya mbili zikipishanishwa, kelele inaingia sawasawa kwenye zote na kujifuta yenyewe. Chuna waya wa intaneti hapo ofisini uone, zimo jozi nne, zimesokotwa mbilimbili.