Kibarua

Mtaani Tuwan, Kitale, kibarua ni kazi ya kutwa: kupalilia mahindi, kupakua magunia, kukoroga saruji. Ila hata karani mwenye meza na kompyuta mjini huiita ajira yake kibarua, na akifutwa, watu husema kibarua chake kimeota nyasi.

Neno lenyewe ni barua iliyotiwa ki- ya udogo. Zanzibar ya karne ya 19, mtu wa kukodiwa alitambuliwa kwa kijikaratasi cha kazi. Jina la karatasi likamhamia mtu, kisha kazi. Sarufi bado inazitenganisha maana hizo mbili: kibarua *amefika*, lakini kibarua *kimeisha*. Naupenda sana upatanisho huu, kwa kuwa unakataa kumfanya mtu kitu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, nayo inamlinda kibarua. Aliyeajiriwa kwa kutwa akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anastahili notisi na malipo ya mwezi. Wanaochapa barua na kupanga mafaili ofisini wamo pia. Wengi hawalijui hili, na inauma.

Chama cha wafanyakazi kingewajulisha, ila wenye kalamu wakati mwingine hudhani vyama hivyo ni vya wenye majembe. Lakini Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Jiji la Nairobi alipoanza kujenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.