React, Angular ao Vue? Historia iliyopita karibu na sisi

Karibu kila mmoja wetu hapa Bunia, hasa siye wa agronomia, amekwisha kufanya kazi ya ankete kwa ONG fulani. Wanakupa telefone ao tablete, wanakufundisha siku mbili, kisha unaenda Djugu, Irumu ao Mahagi kuuliza watu: nyumba iko na watu wangapi, shamba ni hekta ngapi, mwaka huu mulivuna mifuko mingapi ya mahindi. Fomu tunaiita Kobo tu, sawa vile tunaita kila kalamu Bic.

Siku hizi vijana wengi wa mji wanajifunza kutengeneza programu za wavuti. Ulizo la kwanza linakuwa lilelile: nichague React, Angular ao Vue? Wanabishana juu ya maktaba hizi za JavaScript sawa vile wanabishana juu ya V.Club na Mazembe. Lile ulizo liko na historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo haiko California peke yake. Ilipita Nairobi, ikapita kaskazini ya Uganda, ikafika mpaka hapa kwetu.

Tuanze na Kenya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, fujo ikalipuka. Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakatoa Ushahidi: mutu anatuma SMS ao ujumbe, na tukio linaonekana kwenye karte. Mwisho wa mwaka uleule, wakati vita ilikuwa moto Kivu ya Kaskazini, waliifungua pia kwa ajili ya mashariki ya Congo. Upande wa seva walitumia PHP. Upande wa navigateri walitumia jQuery, na OpenLayers kwa ajili ya karte.

Wakati ule hakuna aliyeuliza juu ya nini jQuery. John Resig aliitoa mwaka 2006, na ilikuwa inaponya ugonjwa mmoja wa kweli: kode iliyotembea kwenye Firefox ilikufa kwenye Internet Explorer. Na jQuery uliandika mstari mumoja: tafuta sehemu hii ya ukurasa, ibadilishe. Ilitosha.

Iliacha kutosha wakati kurasa zilianza kuwa programu nzima. Chukua fomu yetu ya ankete. Unaandika nyumba iko na watu 7. Fomu inapaswa kufungua sehemu 7, kila mutu na umri wake. Kisha mama wa nyumba anakumbuka mtoto mwenye kuishi kwa shangazi, wanakuwa 6. Sehemu moja inapaswa kufungwa, jumla ya watoto chini ya miaka 5 inapaswa kubadilika, na ulizo la chanjo linapaswa kupotea. Na jQuery, wewe mwenyewe ndiye unayeandika kila badiliko, moja kwa moja. Ukisahau moja, ukurasa unasema 7 hapa na 6 pale. Kwa karte ya matukio kumi unaweza kuvumilia. Kwa fomu ya maulizo 200, hapana.

Ndiyo sababu maktaba mpya zilikuja nyingi kwa wakati mufupi. Backbone ya Jeremy Ashkenas ilitoka 2010: ilitenganisha data na ukurasa, lakini kazi nyingi ilibaki kwa mwenye kuandika. AngularJS ya Google, mwaka uleule, ilifunga data na ukurasa pamoja, moja ikibadilika na nyingine inabadilika. React ya Facebook ilitoka 2013, nyingine kabisa: wewe unaeleza tu ukurasa uonekane namna gani kwa data fulani, na yenyewe inalinganisha sura ya zamani na sura mpya, kisha inagusa tu mahali pamebadilika. Watu wengi waliicheka siku ya kwanza sababu ilichanganya HTML ndani ya JavaScript. Vue ya Evan You ilikuja 2014, mutu mumoja aliyekuwa amefanya kazi Google na alipenda AngularJS nusu tu.

Sasa turudi Nairobi. Wakati Ushahidi waliandika upya programu yao, toleo la 3, walianza na Backbone pamoja na mwenzake Marionette. Kisha wakaacha, wakaenda AngularJS. Kwa siku zile ilikuwa chaguo la busara: Google iko nyuma, vitabu viko vingi, vijana wanaijua. Lakini mwezi wa 10, 2014, wenye Angular wakatangaza kwamba toleo la 2 litakuwa kitu kingine. Hautaweza kuhamisha kode yako kirahisi. Angular mpya ikatoka Septemba 2016, na msaada wa AngularJS ya zamani ukaisha na mwisho wa mwaka 2021. Ushahidi waliishi miaka mingi na nyumba iliyojengwa kwa matofali ambayo kiwanda kimeacha kuyachoma. Sehemu yao mpya ya navigateri, ambayo waliipa jina mzima, imeandikwa na Angular ile mpya.

Kwangu mimi hapa ndipo mahali pazito pa historia hii. Facebook ikiamua kuandika upya programu, inalipa. Shirika dogo lenye kuishi kwa pesa ya wafadhili linapata pesa kwa karte mpya, kwa mradi mpya, kwa uchaguzi mpya. Mfadhili gani anataka kusikia "tunaomba pesa ili programu ikuwe vilevile, lakini ndani tubadilishe maktaba"? Jaribu kuandika ile sentensi ndani ya proje yako, utaona.

Kobo yenyewe iko na hadithi nyingine. Patrick Vinck na Phuong Pham ni watafiti waliofanya kazi kaskazini ya Uganda, na jina Kobo linatoka Kiacholi, luga ndugu ya Kialur cha Mahagi. Maana yake ni kuhamisha. Watu hao wawili wanajua hata huku kwetu: mwisho wa 2007 waliongoza ankete kubwa juu ya amani na haki Ituri na Kivu mbili, ripoti ikatoka 2008. Nyuma yake, ndani ya Harvard Humanitarian Initiative, walijenga KoBoToolbox. Kode ya seva waliichukua kwa Formhub, kazi ya kundi la Columbia University, New York. Formhub ilizaa mtoto mwingine pia: Ona, yenye makao Nairobi.

Angalia vile watoto wawili wa tumbo moja walichagua. Ona walichukua njia ya peke yake: ClojureScript, luga nyingine inayogeuzwa kuwa JavaScript, pamoja na Om, maktaba ya David Nolen ya mwisho wa 2013 ambayo imekaa juu ya React. Ni chaguo zuri kwa akili, ninalisifu. Lakini tafuta mutu wa ClojureScript Bunia, ao Kisangani, ao hata Kampala. Utatafuta sana.

Kobo walifanya kama familia nyingi zinavyojenga hapa Bunia, chumba kwa chumba, pesa ikipatikana. Ukurasa wa kwanza wa kutengeneza fomu ulikuwa na AngularJS. Kisha, karibu na 2015, waliandika upya na React. Lakini moyo wenyewe, pale unapoongeza ulizo, unapoandika "onyesha tu kama jibu ni ndiyo", ulibaki na Backbone, na umeandikwa kwa CoffeeScript, luga nyingine ya Ashkenas yuleyule ambayo watu karibu wote wameiacha. Miaka mingi React ilikuwa sebule, Backbone ikakaa jikoni, na kila fomu tuliyobeba Djugu ilipikwa kule jikoni. Mwalimu wa programu atasema ni aibu. Mimi ninaona ni hesabu: jiko linapika, nani atalivunja wakati watu wanasubiri chakula?

Kuna kitu watu wanachanganya. KoboCollect ya telefone haihusu mambo haya, sababu ni programu ya Android iliyotoka kwa ODK Collect. JavaScript iko kwenye ukurasa wa kutengeneza fomu, na kwenye fomu ya wavuti inayoitwa Enketo, kazi ya Martijn van de Rijdt. Enketo ilianza na jQuery, na polepole wakaitoa. Nguvu yake haikuwa jQuery wala kitu kingine cha modo. Nguvu yake ni kwamba inafunguka bila intaneti, inaweka majibu ndani ya navigateri na kuyatuma mtandao ukirudi. Na hata hapo kulikuwa mtego: kwanza walitegemea kitu cha navigateri kinachoitwa Application Cache, na wenye navigateri wakaamua kukiondoa, Chrome ilikimaliza mwaka 2021. Wakahamia service worker. Basi hata asiyechagua maktaba anaweza kuchaguliwa na Chrome.

Wizara ya Afya nayo inatumia DHIS2, kutoka chuo kikuu cha Oslo, kwa habari za zone za afya. Njia ni ileile: jQuery na Ext JS, kisha AngularJS, leo React. Sirudilii.

React ilishinda, hakuna haja ya kuficha. Hata hivyo ilikuwa karibu kuharibu kila kitu mwaka 2017, juu ya leseni. Facebook walikuwa wameweka maneno juu ya brevets: ukishitaki Facebook juu ya brevet, unapoteza haki ile uliyopewa. Apache Foundation wakakataa leseni ile ndani ya proje zao, WordPress wakatangaza wataiacha React. Septemba 2017 Facebook wakarudi nyuma, wakaweka leseni ya MIT. Mwenye kuchagua maktaba bila kusoma leseni ni kama mwenye kununua uwanja bila kuangalia papye. Hapa Ituri sihitaji kueleza zaidi.

Kisha kuna uzito, na hapa ninazungumza kama mutu wa terrain. React na sehemu yake ya navigateri kwa miaka mingi ilikuwa karibu kilobaiti 45 ikikandamizwa. jQuery ni karibu 30. Preact, ndugu mdogo wa React mwenye kuandikwa karibu namna ileile, ni karibu 4. Hiyo peke yake haiui mutu. Kinachoua ni vile unavyoongeza juu yake: maktaba ya tarehe, ya grafiki, ya vibonye vizuri. Unafika megabaiti 1 mbio sana. Kwa mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, ile megabaiti 1 inachukua sekunde 80, na mega ni pesa ya mwenye telefone. Halafu telefone ya bei ndogo inapaswa tena kusoma na kutekeleza kode yote ile. Wenye kuchagua kwa ajili yetu walijaribu kwenye ordinateri nzuri na fibre.

INERA inaweza kukupa aina ya muhogo inayozaa sana kituoni. Mukulima anakuuliza kitu kingine: mwaka ujao nitapata wapi vipando, na nani kijijini anajua kuipanda? Kwa JavaScript ninauliza hivyohivyo. Kama cooperative ya kahawa ya Mahagi inakuomba programu ya kuandika kilo za wanamemba, kurasa tatu, basi jQuery ao JavaScript tupu itafanya kazi, na mwanafunzi yeyote wa ISP ataweza kuisahihisha kesho. Kama ni fomu ndefu inayobadilika kila jibu, chukua React ao Vue, hapo jQuery itakutesa. Kama unatafuta kazi kwa shirika la Nairobi ao la inje, jifunze React, sababu ndiyo wanayoomba. Ni maulizo matatu mbalimbali, na wengi wetu tunayajibu kama moja.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, zima data ya telefone, fungua ile programu unayotaka kuiga, na uangalie nini inabaki kwenye ekra.